Birika la Sultani wa Kilwa na Watoto wa Likawage

Kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Juni, watoto wangu walikuwa wameshakata shauri: mwaka huu ni Kunduchi. Wenzao walikwenda Sikukuu ya Idi kwenye michezo ya maji iliyoko kule ufukweni, wakarudi na video za watu wakiteremka kwenye mabomba marefu na kutumbukia bwawani kwa mayowe. Binti yangu yuko kidato cha tatu, mdogo wake wa kiume kidato cha kwanza, na katika umri huo jambo ambalo wenzako wamelifanya nawe hujalifanya linauma kweli. Sikulidharau ombi lao. Mtoto anayeamka alfajiri kuwahi daladala na kurudi jioni na daftari tele za kazi za nyumbani ana haki ya kupiga mayowe majini.

Lakini mama yangu yuko Likawage, bara ya Kilwa, na wajukuu hawa mara ya mwisho aliwaona wakiwa wadogo. Nauli ya kusini na tiketi za Kunduchi kwa pamoja hatukuwa nazo. Mimi na baba yao tukaamua: tutakwenda kwa bibi, na wakati wa kurudi tutateremka Kilwa Masoko, watoto waogelee baharini, kisha tuvuke kwenda Kilwa Kisiwani. Nikawaambia kwamba huko kuna birika la kuogea la sultani, lina miaka ipatayo mia saba.

"Lina maji?" binti akauliza.

Nikamwambia halina. Akarudi kwenye simu yake.

Tangu Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, mwaka 1955, wazazi wa dunia nzima wamekuwa wakilipa fedha nyingi kuwapeleka watoto mahali penye kasri lililojengwa kwa ajili ya picha, bandari ya maharamia yenye maji ya bomba, na mijusi mikubwa inayonguruma kwa umeme. Furaha ya watoto hao ni ya kweli, nami siitilii shaka. Kinachonisumbua ni kwamba mkoa wa Lindi una kasri la mawe, una bandari iliyopokea merikebu za Uajemi na Bara Hindi, una ardhi iliyotoa mifupa ya mnyama mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika makumbusho duniani, na vyote hivyo tumewaachia watafiti na wageni wa meli za kitalii. Kijana wa miaka 15 tunampa tarehe akariri kwa ajili ya mtihani. Hata pale Kunduchi, si mbali na hayo mabwawa, yapo magofu ya msikiti wa zamani na makaburi yenye nguzo zilizokuwa zimepambwa kwa bakuli za Kichina. Ni watoto wangapi wameshawahi kuonyeshwa?

Tuliondoka Mbagala alfajiri. Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha Daraja la Mkapa juu ya Rufiji. Baba yao akawaeleza watoto kwamba kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003, watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ukifura, abiria walilala njiani wakisubiri. Hawakusikia sana; walikuwa na spika za masikioni. Walizitoa tulipofika Somanga na kuona kingo za barabara zilizokatwa na maji. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kiliacha mikoa ya Lindi na Mtwara bila njia ya kwenda Dar es Salaam, na kijana wangu alikumbuka kuona habari hizo kwenye simu. Kumbe ni hapa, akasema. Nikaona safari imeanza.

Nangurukuru ndipo njia zinapogawana. Kushoto ni Masoko na bahari, mbele ni Lindi, kulia ni bara. Tukakunja kulia, tukaiacha lami. Kaka yangu alikuwa ametupangia gari, na kwa saa kadhaa tulikula vumbi jekundu katikati ya miombo, mara shamba, mara kijiji, mara msitu tena.

Juni ni mwezi wa ufuta. Likawage ilikuwa mashambani. Matita ya ufuta yamesimamishwa jua liyakaushe, na yaliyokwisha kukauka yanapinduliwa juu ya turubai na kukung'utwa mpaka mbegu zote zimwagike. Mama yangu, pamoja na umri wake, alikuwa ameketi ukingoni mwa turubai akipepeta. Wajukuu wakampa shikamoo, akawaitikia marahaba, akawashika mikono akaigeuza viganja juu, akaitazama, kisha akampa kila mmoja tita lake. Hakuuliza wamechoka au hawakuchoka. Jioni ile kijana wangu alikuwa na ufuta masikioni na kwenye nywele, na alikuwa amejua kwamba zao hili linapelekwa chama cha msingi, linapimwa, linasubiri mnada chini ya stakabadhi ghalani, na kwamba sare za shule za binamu yake zinategemea bei itakayotangazwa siku hiyo.

Huyo binamu, mtoto wa kaka yangu, nitamtaja sana. Ana umri sawa na binti yangu. Anamjua tembo kwa kinyesi chake, anajua amepita jana au leo. Usiku wanaume hukesha mashambani kulinda mazao, maana tembo mmoja akiingia shamba la mahindi hakuna cha kuvuna. Anaujua mpingo ukiwa mchanga, wakati mgeni angeuona kichaka tu cha miiba. Likawage ni miongoni mwa vijiji vya Kilwa vilivyotenga msitu wao wenyewe chini ya usimamizi wa kijiji, na binamu alituonyesha mti ambao baba yake aliuona ukiwa hivyo hivyo ulivyo alipokuwa mtoto, kwa jinsi mpingo unavyokua taratibu. Binti yangu, ambaye shuleni kwao kuna bendi, hakuwa anajua kwamba klarineti nyeusi anayoipuliza inatokana na mti wa namna hii. Aliugusa gome kwa muda.

Usiku, jamvini, mama alisimulia habari za wazee wetu Wangindo: namna walivyoingia vita ya Majimaji mwaka 1905 na boma la Liwale likaanguka mikononi mwa watu wa Abdalla Mapanda, kisha njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma vyakula; na namna Waingereza, miaka ya 1940, walivyowahamisha watu bara ya Liwale na ardhi yao ikaingia katika Pori la Selous. Ndiyo maana, alisema, tembo wako karibu nasi kuliko ndugu zetu. Hakusema zaidi, akaanza kumenya mihogo ya kesho.

Kijana wangu anapenda dinosaria tangu akiwa darasa la pili. Ameona filamu zote za *Jurassic Park*. Kwa hiyo nikamwambia pale jamvini kwamba ng'ambo ya Mto Mbwemkuru, kusini kwetu, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa pale. Kuanzia 1909 hadi 1913 wataalamu kutoka Berlin wakachimba, nao waliochimba hasa kwa mikono yao walikuwa mamia ya watu wa kusini mwetu, wakisimamiwa na mwenzao aitwaye Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini.

Hakuniamini. Likawage mtandao hushika kwa kubahatisha. Nyuma ya nyumba ya kaka kuna kichuguu ambacho ukipanda juu yake unapata angalau picha moja baada ya nyingine. Vijana wote watatu wakapanda na simu yao. Walirudi baada ya muda mrefu, kimya, na picha: ukumbi wa makumbusho ya Berlin, na ndani yake mifupa ya mnyama iliyosimama, urefu wa mita 13.27 kutoka chini hadi kichwani. Zamani aliitwa Brachiosaurus, siku hizi wataalamu wanamwita Giraffatitan. Aliishi huku kwetu miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mwaka 2007 mwingine wa jamaa zake kutoka Tendaguru alipewa jina la *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya yule Boheti.

Binamu aliishika simu, akaikazia macho. "Shangazi, watamleta lini?"

Suala hilo limewahi kusemwa hata Bungeni, nikamwambia. Jibu zuri zaidi ya hilo sikuwa nalo, na naamini anastahili jibu zuri. Mtoto wa Berlin humwona mnyama huyo kwa nauli ya basi la mjini. Mtoto wa Likawage, ambaye pengine babu wa babu yake alibeba ubavu wake kichwani, anamwona kwa kupanda kichuguu.

Tulipoaga, niliomba ruhusa kwa kaka tumchukue binamu twende naye pwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba kijana huyu wa wilaya ya Kilwa, aliyesoma Kilwa Kisiwani katika kitabu cha historia na akapata maksi nzuri, hajapata kukanyaga kisiwa hicho. Bahari yenyewe alikuwa ameiona kwa mbali, kutoka garini.

Kilwa Masoko tulifikia nyumba ya kulala wageni karibu na ufukwe wa Jimbizi. Watoto wa Dar es Salaam wakaingia majini kama walivyo. Binamu alisimama maji yakimfika vifundoni, akaonja chumvi, akatema, akacheka. Jioni ya pili alikuwa akielea chali, kijana wangu akimshika mgongo. Juu ya furaha ile sina la kuongeza. Mabomba ya Kunduchi yasingewapa zaidi.

Asubuhi tuliyovuka tulipitia ofisi ya wahifadhi, tukalipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa kisiwani. Mashua ya injini inavuka mkondo kwa muda mfupi tu, na ngome iitwayo Gereza inaanza kuonekana tangu mbali, imesimama ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, wakaondoka baada ya miaka saba; jengo unaloliona leo sehemu kubwa ni la wakati wa Waarabu wa Omani. Vijana walipanda, wakachungulia kwenye matundu ya mizinga, wakapiga picha zao, wakateremka. Gereza ni zuri, lakini halikuwashika.

Walishikwa na msikiti mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya tangu karne ya 11, na upande wa kusini uliongezwa baadaye, wenye safu za nguzo na kuba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisimama kati ya nguzo zile unaona tao baada ya tao hadi mwisho. Mwongozaji alikuwa na busara: hakuanza na tarehe. Aliwaambia kisa kinachosimuliwa katika tarikh ya Kilwa, kwamba Ali bin Hassan alipokuja kutoka Shirazi alikinunua kisiwa hiki kwa nguo za kukizunguka chote. Kisha akawauliza: zilikuwa nguo ngapi? Mara moja vijana wakaanza kubishana. Binamu akasema wapime kwa kanga. Kijana wangu akataka kujua mzunguko wa kisiwa, binti akasema nguo za wakati huo hazikuwa na upana wa sasa. Tulitembea chini ya mibuyu kuelekea mashariki huku hesabu ikiendelea, na hakuna aliyelalamikia jua.

Husuni Kubwa iko juu ya mwamba unaotazama bahari. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyeichimba miaka ya 1960, alikuta zaidi ya vyumba mia moja, nyua, mahali pa kuhifadhia bidhaa, na ngazi za kushuka hadi majini. Haikukaliwa kwa muda mrefu. Na kando ya uwanja, limetumbukizwa katika sakafu, lipo birika.

Lina pembe nane, na pande zake zimekatwa kwa ustadi ambao fundi wa leo angetaka michoro kuufikia. Binti yangu alilizunguka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani aliweka simu mfukoni bila kuambiwa. Upepo wa bahari unapiga pale moja kwa moja, na ukikaa ukingoni unaelewa mara moja kwa nini mtu mwenye dunia mkononi alichagua kuogea mahali hapo. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa mtu huyu. Sarafu zenye jina lake zilifika mbali: moja ilipatikana Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja alikuta sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo wanahistoria wanabishana zilifikaje. Kijana wangu aliposikia Australia aliomba arudiwe.

Kisha binamu akauliza swali ambalo sijalisahau. "Kisiwa hiki hakina mto. Haya maji nani alikuwa anayateka?"

Kwao Likawage maji hutekwa, ndiyo maana aliwaza hivyo. Watoto wangu wamezoea bomba. Mwongozaji akajibu bila kuzunguka: yalitekwa visimani na kubebwa, na waliobeba ni watumwa. Nikawasimulia kisa alichokiandika Ibn Battuta. Msafiri huyo alitoka kwao Tanja mwaka 1325 akiwa na miaka 21, akafika Kilwa mwaka 1331, akamsifu sana sultani huyuhuyu kwa unyenyekevu na ukarimu, hata watu wakamwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa, fukara kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaenda kuzivua, akampa. Watu wakamsifu. Mwanawe akazichukua zile nguo na badala yake akampa yule fukara watumwa kumi. Sultani aliposikia namna watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Binti yangu alinikatiza. "Kwa hiyo wale watu ishirini walikuwa zawadi?"

Ndiyo, nikamjibu. Na kwa kuwa tulikuwa tumeanza, nikawaambia yaliyobaki: kwamba mwaka 1776 sultani wa Kilwa wa wakati huo alitia saini mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka, na kwamba karne iliyofuata misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje ilikatiza bara, nchi ya Wangindo. Binamu akasema babu yake alikuwa akitaja njia hizo. Wakakaa wote watatu ukingoni mwa birika wakiongea, mimi na baba yao tukawaachia nafasi. Walikuwa wakibishana kama jengo linaweza kuwa zuri na aliyelijenga akawa mkosaji. Hawakukubaliana. Mimi nasema linaweza, na kwamba mtoto aonyeshwe yote mawili siku hiyohiyo, mahali palepale, kwa sababu ukimwonyesha uzuri peke yake umempa hadithi ya kuuzia tiketi, na ukimwonyesha maovu peke yake umemnyima fahari iliyo haki yake.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa jinsi bahari na mizizi ilivyokuwa ikiyala, na mwaka 2014 yakatolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini kwa macho ya mzazi mwenye vijana, bado kuna upungufu. Sikuona kitu ambacho mtoto anaweza kukifanya kwa mikono yake: hakuna sarafu ya mfano ya kushika, hakuna mchoro wa kuonyesha Husuni ilivyokuwa ikiwa na paa na watu, hakuna ramani ya kujaza. Siku yetu ilifana kwa sababu ya kijana mmoja aliyejua kuuliza swali la nguo. Vijana kama yeye wapo kisiwani, wanajua kusimulia; wafunzwe zaidi na walipwe vizuri, na hapo tutakuwa tumepata zaidi ya mashine yoyote ya kuzungusha watu hewani.

Kivinje tulipita haraka, jua likielekea kuzama. Tulisimama kumkumbuka Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895 juu ya mwembe uliokuja kuitwa Mwembe Kinyonga. Tukala pweza wa kukaanga, tukarudi Masoko. Kesho yake binamu alipanda gari la kurudi bara, sisi tukapanda basi la Dar es Salaam.

Wazazi mnaopanga likizo ya Juni au Desemba, pangeni Kilwa. Bebeni kalamu na karatasi, kofia na maji ya kutosha, mwambieni mwongozaji tangu mwanzo kwamba mmekuja na vijana, na wapeni vijana muda wa kukaa pale birikani bila kuwaharakisha. Na kwa wenye dhamana ya elimu na malikale katika wilaya ya Kilwa nina ombi moja: kila mwaka, kabla ya mitihani, watoto wa kidato cha pili wa Likawage na wa vijiji vingine vyote vya bara wapelekwe kisiwani. Ni safari ya basi na mashua, ndani ya wilaya yao wenyewe. Wavusheni.